Krenki imekwisha? Usiingizwe mjini, pima kwanza!

DUARA likitema Buseresere, huhitaji kutangaziwa. Utaona bati jipya linameta, utasikia muziki mpaka alfajiri, na kabla mwezi mwingine haujaandama gari geni limepaki mbele ya baa. Na si gari la kubebea viroba, hapana! Kijana wa mjini anataka Subaru Forester yenye turbo, au tabo kama tunavyotamka wenyewe, ile yenye pua ya kuvutia hewa juu ya boneti. Mwenye mshiko zaidi anakwenda kwenye Prado ya dizeli, 3.0. Akikanyaga, kisogo kinagonga kiti. Bomba!

Noma inakuja baadaye. Asubuhi moja unawasha, unasikia chini huko: ko-ko-ko-ko. Ukikanyaga mafuta, sauti inaongezeka. Taa nyekundu ya oili inapepesa. Fundi anainama, anasikiliza, anatikisa kichwa, kisha anatoa hukumu: krenki imekwenda.

Basi hapo ndipo washikaji wengi huingizwa mjini. Mmoja anakwambia nunua mpya. Wa pili ana mtumba wa Dubai, "bado wa moto". Wa tatu anasema tujaze kwa welding, tuchonge, maisha yaendelee. Wote wanaongea kwa uhakika, na hakuna hata mmoja aliyeshika kipimo. Na wewe unahesabu noti.

Msomaji wangu, dada na kaka, kabla hujazihesabu noti hizo soma hapa. Krenki haichaguliwi kwa macho, wala kwa bei, wala kwa maneno matamu. Inachaguliwa kwa vipimo. Ukishika hilo moja tu, umeokoa gari na mtaji.

KRENKI NI MDUDU GANI?

Krenkishafti, au krenki kwa lugha ya gereji, ni ule mtaimbo uliopindapinda unaokaa chini ya injini. Pistoni zinapanda na kushuka. Krenki inaugeuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka, na mzunguko huo ndio unaofika kwenye magurudumu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde moja. Hesabu mwenyewe kutoka Buseresere mpaka Geita mjini imezunguka mara ngapi!

Krenki ya injini ya silinda nne, kama ya Forester au ya Prado 3.0, kwa kawaida ina shingo tisa. Tano zinashikwa na bloku. Hizo mafundi wanaziita za meni. Nne zinashika konrodi, yaani vile vyuma vinavyobeba pistoni. Kila shingo imevikwa beringi, ambazo ni vipande viwili vyembamba vya chuma vilivyopakwa madini laini.

Sasa sikiliza siri. Shingo na beringi havitakiwi kugusana injini ikiwa inazunguka. Kati yake kuna oili. Nafasi ya oili hiyo kwenye shingo ya konrodi ya gari dogo ni kama sehemu 5 za mia za milimita moja. Ni unene wa unywele mmoja! Nafasi ikizidi, oili inakimbia, presha inashuka, chuma kinagonga chuma. Ikipungua, oili haipiti, beringi inaungua na kuganda. Kumbe ugomvi wote wa krenki ni ugomvi wa unywele.

TURBO INAONGEZA MZIGO

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Huku kwetu ina faida ya ziada. Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo gari lisilo na tabo linapoteza nguvu kidogo. Lenye tabo linafidia.

Lakini hakuna cha bure. Hewa nyingi na mafuta mengi maana yake mlipuko mkubwa juu ya pistoni. Mlipuko huo unashuka kwenye konrodi na kutua kwenye ile oili yenye unene wa unywele. Isitoshe, tabo na krenki vinakunywa oili moja. Beringi ikisagika, chengachenga zake zinasafiri kwenye oili mpaka kwenye tabo. Tabo ikifa, vyuma vyake vinaweza kurudi chini kwenye krenki. Ni kama majirani wanaochota maji kisima kimoja.

Ndiyo maana krenki ambayo ingevumilia kwenye gari la kawaida inaweza isimalize msimu kwenye gari lenye tabo.

NANI ALIIUA YA KWANZA?

Hili ndilo swali linalorukwa na wengi. Krenki haifi kwa uchawi. Ukifunga mpya bila kujua ya kwanza ilikufaje, umemchimbia kaburi na ya pili.

Mwambie fundi asitupe beringi za zamani. Zipangeni mezani kwa mpangilio wa silinda, mzisome. Zikiwa na mikwaruzo mirefu, uchafu uliingia kwenye oili. Zikiwa nyeusi au za buluu, ziliungua kwa kukosa oili. Zikiwa zimelika upande mmoja tu, huenda konrodi imepinda. Zikiwa zimelika mpaka rangi ya shaba inaonekana zote, zilikwisha muda mrefu na gari likaendelea kukimbizwa.

Mkoa wetu huu vumbi halina adabu. Ukiacha lami ukaingia njia za machimboni, chujio la hewa linajaa upesi. Chujio likichanika au mpira wa hewa ukipasuka, vumbi linanyonywa, linalamba silinda, linaishia kwenye oili na kusugua beringi kama msasa. Wengine wanaua kwa kuchelewesha kubadilisha oili. Wengine wamempa mtu "aongeze moto" wa tabo bila kujali kama beringi zitahimili. Kwenye dizeli, nozo inayovuja huteremsha mafuta kwenye oili, oili inakuwa maji.

Kwa wenye Forester zamani hizo, kuna kijichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Kikiziba, tabo inabaki na kiu. Chengachenga za beringi iliyokufa hupenda kunasa hapo hapo. Kifunguliwe na kusafishwa, au boliti ibadilishwe.

NJIA ZIKO NNE

Tuziweke mezani moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni kusaga krenki yako mwenyewe. Watu wengi wanaidharau kwa sababu haina sifa ya kujitapa kijiweni, lakini mara nyingi ndiyo yenye akili. Krenki hii ni ya injini yako, unaijua ilikotoka. Kama haina ufa wala haijapinda, shingo zinasagwa kupunguzwa kwa hatua maalumu: 0.25, kisha 0.50, kisha 0.75 milimita. Mafundi wanaziita kumi, ishirini na thelathini, kwa hesabu ya zamani ya inchi. Halafu unafunga beringi nene zaidi za hatua hiyohiyo. Shingo moja ya konrodi ikiharibika, zote nne zinasagwa kipimo kimoja, maana beringi zinauzwa kwa seti. Za meni zikipimwa na kuonekana nzima, zinaweza kubaki zilivyo.

Angalizo: kuna krenki zilizotiwa ugumu wa juu kiwandani, tabaka jembamba sana. Kila ukisaga unalipunguza. Kwa injini ya tabo, hatua ya kwanza ndiyo salama. Hatua ya tatu ni kamari. Tena hakikisha beringi za kipimo hicho zipo dukani KABLA ya kusaga. Kuna waliosaga kwanza, wakatafuta beringi mwezi mzima, gari liko juu ya mawe.

Ya pili ni mtumba, krenki iliyotolewa kwenye injini iliyovunjwa Japani au Sharjah. Inaweza kuwa nzuri kabisa, ya kiwandani na yenye kipimo cha mwanzo. Lakini jiulize: injini hiyo ilivunjwa kwa nini? Kama nayo iligonga, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Andikishaneni na muuzaji: naipeleka ikapimwe, ikikutwa mbovu narudisha. Akikataa, muage kwa heshima.

Ya tatu ni mpya ya kampuni iliyotengeneza gari. Ni ghali, na kwa injini za zamani huenda ukaisubiri. Lakini kama yako imevunjika na gari ndilo linalokulisha, hesabu siku ambazo halitakaa juu ya mawe tena.

Ya nne ni mpya isiyo ya kampuni hiyo. Hapa usiseme zote ni feki. Kuna viwanda vinavyotengeneza vizuri, na kuna vingine vinatengeneza mapambo ya sebuleni. Boksi zuri si ushahidi. Mpya nayo inapimwa, shingo zote tisa, kama ya zamani.

Na ile ya kujaza kwa welding? Kuna karakana kubwa duniani zinazofanya kazi hiyo kwa mitambo maalumu, kisha zinanyoosha na kutia ugumu upya. Welding ya uani si hiyo. Moto unapindisha krenki na kuacha nyufa ndogo. Kwa injini ya tabo, achana nayo kabisa.

Wapo watakaokushauri ununue injini nusu au nzima. Si ushauri mbaya kama bloku nayo imetoboka. Kumbuka tu kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini una safari ya TRA kurekebisha kumbukumbu. Ukibadilisha krenki peke yake, bloku na namba vinabaki vilevile.

"ZINAINGILIANA" NI NENO LA HATARI

Dukani utasikia: chukua hii, zinaingiliana. Ebo! Zinaingiliana kwa ushahidi gani?

Chukua Subaru. Injini ya EJ20 ina silinda za milimita 92 na pistoni inasafiri milimita 75. EJ25 ina 99.5 na pistoni inasafiri 79. Kwa macho krenki zake zinafanana kama pacha. Lakini ukiweka krenki ya EJ25 kwenye EJ20 na kuacha pistoni na konrodi zilezile, pistoni itapanda milimita 2 zaidi juu. Itagonga kabla hujatoka getini.

Si hilo tu. Kuna beringi maalumu inayozuia krenki isicheze mbele na nyuma. Kwenye EJ za mwanzo inakaa shingo ya meni ya tatu. Kwenye EJ za baadaye inakaa ya tano. Krenki na bloku lazima viwe vya kizazi kimoja.

Njoo kwa Toyota. Injini ya 1KZ-TE na 1KD-FTV zote ni za dizeli, zote zina tabo, zote ni 3.0, zote silinda milimita 96 na pistoni inasafiri 103. Mtu ataapa kwamba ni kitu kimoja. Kumbe ni injini mbili tofauti, na krenki zake zina namba tofauti za spea. Tazama namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku na namba ya spea. Stika ya kwenye mlango wa nyuma haikusaidii.

Na Land Cruiser ya 1HD-T, ile ya miaka ya 1990, ina funzo lake. Sifa zake ni nyingi, lakini ilijulikana pia kwa beringi za konrodi kuchoka mapema. Wenye nayo wenye busara huzibadilisha kabla hazijagonga. Beringi ni bei ndogo, krenki ni bei kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

PELEKA IKAPIMWE

Krenki inaingia kwenye buti. Kama jirani hakuna karakana yenye mashine ya kusaga krenki, ipeleke Mwanza. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko na mzigo wako kwenye jua.

Ukifika, simama uangalie haya:

Maikromita itoke. Kila shingo inapimwa mwanzo na mwisho wake, na kwa pande mbili zinazokatana. Ni vipimo vinne kwa shingo, 36 kwa krenki nzima. Viandikwe kwenye karatasi, karatasi uondoke nayo. Kwa injini nyingi ndogo, shingo ikiwa yai au imekonda upande mmoja kwa zaidi ya sehemu 2 za mia za milimita, haifai kufungwa hivyo hivyo. Lakini kikomo cha mwisho kinatoka kwenye kitabu cha injini yako.

Ufa utafutwe. Kuna mtambo wa sumaku na unga wa chuma. Kama haupo, kuna dawa za makopo: moja ya kusafishia, moja nyekundu inayopenya, moja nyeupe inayoivuta ile nyekundu nje. Ufa unajitokeza kama mstari wa damu. Wazee wa gereji huitundika krenki na kuigonga kwa nyundo ndogo. Ikilia kama kengele ni dalili njema, ikilia kama mtungi uliopasuka ni dalili mbaya. Hiyo ni dalili tu, haichukui nafasi ya kipimo.

Unyoofu upimwe kwa saa ya kupimia, krenki ikiwa inazungushwa juu ya vishikizo viwili.

Kona ziangaliwe. Pale shingo inapoungana na ukuta wake pana mviringo mdogo. Msagaji mvivu anaukata ukawa kona kali, na hapo ndipo krenki itakapokatikia. Pitisha ukucha, utaisikia.

Njia za oili zisafishwe. Baada ya kusaga, vumbi la jiwe linajificha kwenye vitundu. Ziburushiwe, zioshwe, zipulizwe. Krenki nyingi zilizosagwa vizuri zimeuawa na uchafu wa siku ileile.

Na risiti ya EFD usiiache. Ukibambikiwa mali yenye jina la kampuni isiyoitengeneza, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Lakini utakwenda kudai nini bila karatasi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

SIKU YA KUFUNGA

Sasa usiharibu mwishoni. Nafasi ya oili ipimwe tena wakati wa kufunga. Kuna uzi mwembamba wa plastiki, Plastigage, unaowekwa kati ya shingo na beringi. Unafunga, unafungua, unasoma ulivyobanwa. Boliti zikazwe kwa spana ya kipimo, siyo kwa nguvu za ugali. Boliti za konrodi ambazo kitabu kinasema zibadilishwe, zibadilishwe. Pampu ya oili ikaguliwe. Kipoza oili, kama kipo, kisafishwe kabisa au kiwekwe kingine, maana chengachenga za ajali ya kwanza zimejificha humo. Tabo nayo ifunguliwe iangaliwe.

Ukiwasha kwa mara ya kwanza, kata mafuta kwanza, zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Kisha washa. Siku za mwanzo usikimbizane na michomoko ya abiria, na oili ya kwanza imwagwe mapema pamoja na chujio.

SASA CHAGUA

Ukiniuliza nichague ipi, jibu langu ni hili. Krenki yako ikiwa haina ufa, imenyooka, na hatua ya kwanza ya kusaga inaisafisha, baki nayo. Ongezea beringi za maana. Ikishindwa mtihani huo, tafuta mtumba uliopimwa au mpya ya kampuni, kwa namba ileile. Kama mfuko hauruhusu hata kimoja, gari lipumzike. Ni bora likae juu ya mawe mwezi mmoja kuliko konrodi itoboe bloku ukiwa unalipita lori, oili imwagike barabarani na wewe umebeba watu.

Dhahabu haipimwi kwa macho, msomaji. Hapa Buseresere na kwa pacha wetu Katoro hakuna anayeuza gramu bila mzani. Basi na fundi akikuletea krenki, muulize kama unavyomuuliza mnunuzi wa dhahabu: mzani uko wapi?